Ugonjwa wa Miaka Ishirini, Mradi wa Miaka Mitatu

Bibi aliyezaliwa Kilolo miaka ya 1940, ambaye hakuwahi kuingia darasani, utampima vipi kumbukumbu zake? Vipimo vingi vya ugonjwa wa kusahau vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma. Mgonjwa anaambiwa achore saa ya mishale, anakili umbo kwa kalamu, ataje tarehe ya leo, ahesabu kwa kurudi nyuma saba saba kuanzia mia moja. Mpe bibi huyo kalamu, atashindwa. Na kushindwa kwake hakutakuambia lolote kuhusu ubongo wake. Kutakuambia tu kwamba zamani hizo kaka yake alipelekwa shule na yeye akabaki shambani.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walilitatua jambo hili kwa vijiti vya kiberiti. Katika kipimo chao kiitwacho IDEA, mpimaji hupanga vijiti vichache kwa umbo fulani, kisha humwomba mzee apange vya kwake vivyo hivyo. Humwuliza mwenyekiti wa kijiji ni nani. Humwuliza daraja ni kitu gani. Humtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na humsomea maneno kumi ambayo baadaye atatakiwa kuyakumbuka. Basi. Hata hivyo kazi haiishii hapo kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, maana maneno hayo kumi yakisomwa kwa Kiswahili kwa mzee wa Makete aliyeishi maisha yake yote kwa Kikinga, kinachopimwa ni Kiswahili chake.

Kipimo cha namna hii hakitoki kwenye mashine ya mabilioni. Kinatoka kwa watu waliokaa na wazee kwa muda wa kutosha hadi wakajua mzee wa kijijini anajua nini na hajui nini. Muda huo ndio hoja yangu yote katika makala hii. Naamini kwamba utafiti wa magonjwa yanayokula ubongo polepole hautaota mizizi Mbeya, Iringa au Njombe kwa mradi mmoja baada ya mwingine. Utaota mizizi siku tutakapokuwa na mtu mmoja, au wawili, ambao kazi yao ya maisha ni hiyo na mahali pao pa kuifanyia ni hapa.

Tuanze na walichokikuta Hai. Katikati ya miaka ya 2000 timu ya utafiti ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000, ikitafuta watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na viungo kukaza. Ilikuta 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Baadaye wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea walipimwa ugonjwa wa kusahau, na makadirio yakawa kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo wanao.

Kwa nini Hai? Siyo kwamba wazee wa Uchagani wanasahau kuliko wazee wa Unyakyusa au Uheheni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wilaya hiyo ilikuwa na daftari. Mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima ulikuwa umeandikisha kaya, na walikuwepo watu waliopita mara kwa mara kuandika nani amehamia, nani amefariki na kwa sababu gani. Mtafiti wa ubongo alipofika alikuta orodha ya majina, na alikuta waandikishaji ambao wenye nyumba walishawazoea.

Huku kwetu nako uzoefu huo upo. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pale Mbeya kina jina duniani kwa utafiti wa VVU na kifua kikuu. Kuanzia 2006 hadi 2011 kilifuatilia watu karibu 18,000 katika maeneo tisa ya mkoa, wakirudiwa mwaka hadi mwaka na sampuli zao kuhifadhiwa. Kutokana na ufuatiliaji huo, mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo kutoka Kyela yaliyoonyesha kwamba watu wenye vimelea vya matende waliambukizwa VVU kwa kasi ya takriban mara mbili ya wenzao wasio na vimelea hivyo. Jambo hilo lisingeonekana kwa kupima watu mara moja na kuondoka. Lilionekana kwa sababu kuna watu waliorudi.

Kwenye ubongo, kurudi ndiko kila kitu. Mgonjwa wa Alzheimer, aina kuu ya ugonjwa wa kusahau, anapoanza kupotea njia ya kwenda sokoni, protini iitwayo amiloidi imekuwa ikijikusanya kichwani mwake kwa miaka 15 hadi 20. Mgonjwa wa Parkinson anapoanza kutetemeka mkono mmoja, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, imeshakufa. Sasa chukua mradi wa kawaida wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unakwenda kwenye vibali na kununua magari, wa pili kwenye kukusanya takwimu, wa tatu kwenye ripoti na warsha ya kufunga. Mradi wa namna hiyo unaweza kuhesabu walioharibika. Hauwezi kuona wanavyoharibika, na hauwezi kabisa kumwona yule ambaye alipaswa kuharibika na hakuharibika.

Huyo wa mwisho ndiye wa thamani kuliko wote, na tunamjua kwa sababu ya daktari mmoja wa Colombia. Katika jimbo la Antioquia kuna milima yenye baridi na ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo mtu wa Njombe asingejiona mgeni. Mwaka 1984 Francisco Lopera, kijana aliyekuwa akisomea ubingwa wa mishipa ya fahamu mjini Medellín, aliletewa mkulima wa miaka arobaini na kitu ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemwisha. Ndugu wakaeleza kwamba baba yake aliishia hivyo hivyo, na babu yake pia. Daktari mwingine angeandika jina la ugonjwa kwenye faili na kumwita anayefuata. Lopera alipanda milimani kuufuata ukoo. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akapekua madaftari ya parokia, akaunganisha matawi ya watu ambao wenyewe hawakujua kuwa ni ndugu. Wapo walioamini ugonjwa ule ni laana. Alikaa nao hivyo hivyo.

Katikati ya miaka ya 1990 jeni iliyobadilika ikapatikana. Ukoo huo una watu wapatao 6,000, na anayerithi badiliko hilo huanza kusahau akiwa kwenye miaka ya arobaini. Mwaka 2013 dawa iitwayo crenezumab ikaanza kujaribiwa kwa wanaukoo kabla hawajaugua, na mwaka 2022 majibu yakatoka kwamba haikuwasaidia kwa kiwango cha kuthibitika. Fikiria uzito wa kurudi kwenye nyumba hizo na habari hiyo. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2019, Lopera na wenzake walikuwa wameeleza habari za mwanamke mmoja wa ukoo huo huo aliyebeba badiliko baya na bado akaufikia umri wa miaka ya sabini kabla ya kuanza kusahau, kama miaka thelathini baada ya wakati aliotarajiwa. Alikuwa na badiliko jingine, adimu sana, katika jeni iitwayo APOE, ambalo linaonekana kumkinga. Leo maabara kadhaa duniani zinatafuta dawa inayoiga kinga hiyo. Mwanamke wa namna hii haonekani kwa mradi wa miaka mitatu. Anaonekana kwa sababu ulishaujua ukoo wake, ulishawajua ndugu zake walioondoka mapema, na ulikuwepo mwaka ambao alipaswa kuugua na hakuugua. Lopera alifariki Septemba 2024, miaka arobaini tangu yule mkulima.

Afrika nayo ina mfano wake. Kuanzia mwaka 1992 Adesola Ogunniyi na wenzake wa Ibadan, Nigeria, walifuatilia wazee Wayoruba sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha wagonjwa wapya wa kusahau asilimia 1.35 kwa mwaka Ibadan, na asilimia 3.24 Indianapolis. Tena ile aina ya jeni ya APOE inayohofiwa sana Ulaya na Marekani haikuonekana kuwa na nguvu ile ile kwa Wayoruba. Vitabu vya tiba ilibidi viongeze maelezo.

Sasa swali la Nyanda za Juu Kusini ni lipi? Mimi naona liko wazi, na ni swali ambalo mikoa yetu inaweza kulijibu vizuri kuliko karibu sehemu yoyote. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa inayoongoza nchini. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Waliozianza wakati ule wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Wanalima, wanauza ndizi Mwanjelwa, wanalea wajukuu. Virusi hufika kwenye ubongo mapema baada ya maambukizi, na hata vinapokuwa vimefubazwa kwenye damu, uvimbe mdogo mdogo wa ndani huweza kuendelea. Je, mtu aliyeishi na VVU miaka ishirini ubongo wake unazeeka haraka kuliko wa jirani yake wa rika moja? Wanasayansi bado wanabishana.

Kuna na suala la dawa zenyewe. Kabla ya mwaka 2019 wagonjwa wengi nchini walikuwa wakitumia mchanganyiko wenye efavirenzi. Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya wagonjwa wa VVU (CTC) na wazee, utasikia habari za kidonge kile cha usiku, kizunguzungu na ndoto za ajabu. Ni dawa inayogusa ubongo moja kwa moja, na wapo walioimeza kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuhamishiwa mchanganyiko mpya uitwao TLD. Imeacha alama gani? Kwenye mafaili ya CTC kuna tarehe ya kuanza dawa, aina ya dawa, kiwango cha seli za kinga (CD4) na wingi wa virusi mwaka hadi mwaka. Ni historia ya mwili mzima ambayo watafiti wa nchi tajiri wangeililia. Kinachokosekana ndani yake ni ukurasa mmoja tu, wa kumbukumbu na akili, unaojazwa kila mwaka.

Mtafiti huyo akishuka Rungwe atakutana na jambo jingine. Tukuyu ni moja ya maeneo ya usubi nchini, kwa sababu ya mito yake inayokwenda kasi na inzi weusi wanaozaliana humo, na dawa ya Mectizan imekuwa ikigawiwa vijijini kwa miaka mingi. Wengi tunaujua usubi kwa upofu na kuwasha ngozi. Ila kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuhudumia wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona watoto wakiinamisha kichwa kwa kurudiarudia kama wanaosinzia, na mwaka hadi mwaka wakidhoofika akili. Leo hali hiyo inahusishwa na usubi. Mwaka 2018 ubongo wa wagonjwa wachache wa hali hiyo waliofariki Uganda ulipochunguzwa, ulikutwa na mkusanyiko wa tau, protini ile ile inayojisokota ndani ya seli za wagonjwa wa Alzheimer. Kimelea cha mtoni na ugonjwa wa uzee wa Ulaya vinakutana kwenye protini moja! Angekuwepo mtu wa ubongo Tukuyu, angeanzia hapo. Mbozi nako kuna tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakimezwa na binadamu huenda kujenga vijiuvimbe kichwani na kuleta kifafa. Huo haumo kwenye kundi la magonjwa ninayoyazungumzia, lakini mgonjwa wa kifafa anayetoka Vwawa hataulizwa kundi lake mlangoni.

Lipo jambo gumu kuliko fedha. Sayansi hii mwishowe inahitaji ubongo wenyewe, uliotolewa baada ya kifo. Katika Chuo Kikuu cha Antioquia upo ubongo wa mamia ya watu, uliotolewa na familia zenyewe, nyingine zikimpigia daktari simu usiku uleule wa msiba. Hebu jaribu kufikiri ombi hilo kwenye msiba wa Kinyakyusa, wazee wamekaa, ndugu wako njiani kutoka Kyela na Dar es Salaam, na mgeni mwenye koti jeupe anamwita mtoto mkubwa pembeni. Mikoa yetu ina kumbukumbu ya mauaji ya uchunaji ngozi. Na Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliowadhania wanyonya damu. Wale walikuja kuchukua udongo tu. Hivyo mtu anayetaka kuuliza habari za kichwa cha marehemu lazima awe amehudhuria misiba mingine mingi kabla bila kuomba kitu. Awe alimtibu marehemu, alimjua kwa jina, alipokea kikombe cha togwa pale pale uani. Barua ya kibali kutoka kwa mkuu wa wilaya haiwezi kufanya kazi hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja. Wajawazito bado wanafariki, malaria ipo, watoto wana udumavu mikoa hii hii inayolisha taifa. Iweje tufikirie ubongo wa wazee? Nalichukulia pingamizi hilo kwa uzito. Lakini namfahamu dada mmoja aliyekuwa na kibanda cha vitenge Makambako. Mama yake alipoanza kutoka usiku kwenda kuchota maji kwenye kisima kilichofukiwa zamani, alifunga kibanda akarudi kijijini. Sasa mlango anaufunga kwa ndani na ufunguo anauvaa shingoni. Mama humwamsha saa nane za usiku na kumwuliza kwa heshima zote, "Shangazi, mabinti wameshakwenda mtoni?" Naye hujibu, "Wamekwenda, mama, lala." Kipato cha nyumba ile kimekatika, ada ya watoto imekwama, na majirani wameanza kunong'ona kwamba bibi anatembea usiku kwa sababu zake. Mama huyo hayumo kwenye takwimu zozote za wilaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 55 duniani wana ugonjwa wa kusahau, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wengi wa wanaowalea ni wanawake kama dada huyu.

Tena sisemi tukimbilie dawa mpya. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, inahitaji picha za MRI za mara kwa mara, na katika majaribio ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Haikurudisha kumbukumbu ya mtu. Utafiti wa amiloidi uliopigiwa debe sana, wa mwaka 2006, ulifutwa na jarida la Nature mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Mtafiti wa Mbeya halazimiki kujipanga nyuma ya foleni hiyo. Kamisheni ya Lancet ya mwaka 2024 ilihitimisha kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na ukisoma orodha ya visababishi unaiona mikoa yetu: presha isiyotibiwa, kukosa elimu utotoni, hewa chafu, pombe iliyozidi, majeraha ya kichwa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba za Makete wakati wa baridi, ulanzi wa Iringa msimu wa mvua, bodaboda bila kofia. Hata upupu una habari yake, maana mbegu zake zina levodopa, dawa kuu ya Parkinson, na majaribio madogo Bolivia yalionyesha unga wake unaweza kutuliza ugonjwa, ingawa baadhi ya wagonjwa waliacha kwa kuchafukwa na tumbo. Asijitibu mtu nao nyumbani. Ila mmea wenyewe unajulikana huku, na swali la kipimo salama linaweza kuulizwa huku.

Sasa mtazame kijana anayemaliza udaktari katika chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) pale Mbeya. Amesoma miaka mitano, ana mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha ubingwa, kisha uzamivu. Akifika hapo anakaribia miaka arobaini. Akitaka kubaki kwenye ubongo, mara nyingi mshahara wake utategemea mfadhili wa nje ambaye swali lake lilishaandikwa kabla kijana hajaajiriwa. Mfadhili akihama, na yeye anahama, ama anaingia kwenye utawala, ama anafungua zahanati yake. Simlaumu hata kidogo. Ana watoto.

Ninachopendekeza ni kidogo kwa fedha na kirefu kwa muda: nafasi moja ya kudumu ya daktari mtafiti wa ubongo, nusu ya kazi yake iwe kliniki ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda na nusu iwe NIMR Mbeya, pamoja na wauguzi wawili wanaojua lugha za huku. Waanze na wagonjwa wa CTC wenye miaka 50 na kuendelea, kila mmoja na jirani yake wa rika asiye na VVU, wapimwe kumbukumbu, presha, macho na masikio kila mwaka. Mkataba uandikwe wa miaka kumi, na sampuli zibaki Mbeya. Wizara ya Afya, chuo, na wabunge wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wakikaa pamoja, nafasi hiyo inaweza kuingia kwenye ikama ya mwaka ujao wa fedha.